Spana au kikokotoo: njia mbili za kufika kwenye kiti cha mkuu wa kikosi NASCAR

Mpwa wangu anaishi na mama yake Concord, North Carolina, karibu na uwanja wa Charlotte Motor Speedway. Siku za mbio, dirisha la jikoni kwao linatetemeka. Ana miaka 18, Jumamosi anafanya kazi kwenye duka la matairi, na tangu utotoni amekuwa na ndoto moja tu: kukaa siku moja juu ya kile kiti cha ukutani kando ya njia ya mbio, vipokea sauti masikioni, akimwamuru dereva wa NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari Marekani, aingie kubadilisha matairi au abaki humo humo. Mwezi uliopita alinipigia. "Shikamoo mjomba. Nimekubaliwa sehemu mbili, sijui nishike ipi."

Sehemu ya kwanza ni NASCAR Technical Institute iliyoko Mooresville, chuo cha ufundi kilichofunguliwa 2002, ambapo mtu hukaa mwaka mmoja na ushee akatoka fundi. Ya pili ni Chuo Kikuu cha North Carolina pale Charlotte, uhandisi wa mitambo, miaka minne, na pana mkondo maalumu wa magari ya mashindano. Mama yake anataka chuo kikuu, kwa sababu zile zile ambazo mama wa Kiafrika yeyote angezitoa. Yeye mwenyewe mikono inamwasha.

Nilimwomba wiki mbili. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikayapanua kidogo kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

Kiti chenyewe

Wamarekani humwita kruu chifu, na kwa Kiswahili jina linaeleweka bila tafsiri: ni chifu kweli, ana baraza lake. Hapa nitamwita mkuu wa kikosi. Kila gari kwenye ligi ya juu, Cup Series, lina mmoja. Ligi hiyo ina mbio 36 za pointi kwa msimu, kuanzia uwanja wa Daytona, Florida, mwezi Februari hadi Novemba, maana yake karibu kila wikiendi ya miezi tisa mtu huyu hayuko nyumbani.

Mwanzoni mwa wiki anachambua mbio zilizopita. Katikati ya wiki anaamua gari la Jumapili ijayo litakaaje: springi ngumu kiasi gani, magurudumu yalale kwa pembe ipi, tumbo la gari liwe umbali gani kutoka lami, upepo wa kila tairi. Kisha ukaguzi wa maofisa, mazoezi ya dakika chache, kutafuta nafasi ya kuanzia, halafu mbio zenyewe. Dereva analalamika redioni kwamba pua haitaki kukata kona, au kwamba mkia unataka kumpita. Mkuu anapaswa kujua, kwa sauti ile tu, kama gari lina kasoro au dereva amechoka. Bendera ya njano ikipepea, yaani kuna hatari na magari yote yanapunguza mwendo, ana muda mfupi wa kuamua: matairi manne, mawili, mafuta peke yake, au asiingie kabisa. Matairi manne yanachukua takribani sekunde kumi. Mawili ni pungufu ya hapo, utatoka mbele ya wengine, lakini kwa mizunguko mingapi kabla hawajakufikia? Na wakuu wengine zaidi ya thelathini wanajiuliza swali hilo hilo wakati huo huo, kila mmoja akijaribu kukisia mwenzake atafanya nini.

Kazi basi ina sehemu mbili. Moja ni ya gari, nyingine ni ya watu: dereva, mafundi, wahandisi, na wale vijana watano wanaoruka ukuta na jeki, bunduki za nati na mkebe wa mafuta. Ukilinganisha njia za kufika huko bila kuiangalia sehemu hii ya pili, utalinganisha vibaya.

Njia ya spana

Hii ndiyo njia ya zamani, na ina majina makubwa. Dale Inman, ambaye wengi humhesabu kuwa mkuu wa kikosi wa kwanza kwa maana tunayoijua leo, alikuwa binamu wa dereva Richard Petty. Walikulia pamoja kwenye karakana ya familia huko Level Cross, North Carolina. Alichukua ubingwa mara saba na Petty, akaongeza wa nane mwaka 1984 na Terry Labonte. Hakuna aliyempita kwa idadi hiyo.

Anayemkaribia ni Chad Knaus, mwenye mataji saba na dereva mmoja, Jimmie Johnson, matano kati yake yakiwa mfululizo, 2006 hadi 2010. Knaus anatoka Rockford, Illinois. Alianza akiwa mvulana kwa kulitengeneza gari la mbio la baba yake, akashuka kusini kutafuta kazi, na mwaka 1993 akaingia kwenye timu ya Hendrick kama fundi wa kawaida chini ya Ray Evernham.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Steve Letarte. Aliingia Hendrick akiwa na miaka 16, kazi yake ya kwanza ikiwa kufagia sakafu. Akapanda ngazi za ufundi moja baada ya nyingine, na mwaka 2005 akapewa gari la Jeff Gordon. Mwaka 2014 alishinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za msimu, akiwa na Dale Earnhardt Jr. Aliyekuwa na fagio amekabidhiwa redio, ndani ya timu ile ile.

Ngazi zenyewe kwa kawaida huenda hivi. Unaanza karakanani: kufungua, kuosha, kufunga. Ukiaminiwa unaingizwa kwenye kundi la safari, wale wanaokwenda uwanjani na gari. Juu yao kuna msimamizi wa gari, mtu wa pili baada ya mkuu kwa upande wa ufundi. Yeye ndiye anayehakikisha kila nati imekazwa na gari linapita ukaguzi. Kutoka hapo, ukibahatika, unapewa kikosi kwenye madaraja ya chini: malori madogo ya Craftsman Truck Series, au daraja la pili, lililoitwa Xfinity hadi 2025 na sasa linaitwa O'Reilly Auto Parts. Ukifanya vizuri unapanda Cup.

Faida za njia hii ni za wazi. Unaanza kulipwa mapema, hudaiwi ada ya miaka minne, na unalijua gari kwa vidole. Mafundi wanakuheshimu kwa sababu ulishalala nao chini ya gari saa nane za usiku. Ukimwambia mtu kazi fulani inachukua dakika kumi na mbili, anajua uliwahi kuifanya kwa dakika kumi na mbili.

Kasoro yake ni moja, lakini nzito: ngazi ina mlango juu, na siku hizi mlango huo mara nyingi umefungwa. Wengi hufika usimamizi wa gari wakaishia hapo. Sisemi hilo ni balaa. Ni kazi yenye heshima na mshahara wa kueleweka, na mtu anaweza kustaafu nayo bila kujuta. Ila kama ndoto yako ni kiti cha ukutani hasa, ujue kwamba unaweza kukaa ngazi moja chini yake kwa miaka kumi na tano ukiwatazama wahandisi wa miaka thelathini wakikupita.

Njia ya kikokotoo

Mzee wa njia hii hakuwa mkuu wa kikosi. Alikuwa dereva. Alan Kulwicki alihitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Milwaukee mwaka 1977, akahamia kusini na timu yake ndogo aliyoimiliki mwenyewe, na wenyeji wakamwona kama kichekesho: dereva mwenye mkoba wa karatasi. Mwaka 1992, kwenye mbio za mwisho wa msimu Atlanta, yeye na mkuu wake wa kikosi, Paul Andrews, walikaa wakipiga hesabu gari likiwa mwendoni. Kanuni za wakati ule zilimpa pointi tano za ziada dereva aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote. Wakapiga hesabu Kulwicki akae mbele mpaka mpinzani wake, Bill Elliott, asiweze tena kumfikia kwa idadi. Elliott alishinda mbio zile. Kulwicki aliongoza mizunguko 103, Elliott 102, na ubingwa ukaenda kwa Kulwicki kwa tofauti ya pointi kumi. Kama mzunguko mmoja ungehama upande, wangelingana, na Elliott angelichukua kombe kwa wingi wa ushindi. Miezi michache baadaye, Aprili 1993, Kulwicki alifariki katika ajali ya ndege. Jina lake leo liko kwenye maabara ya magari ya mashindano pale Charlotte, kwenye chuo kile kile kilichomkubali mpwa wangu. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa, maana hakuwa analijua.

Sasa tazama waliofuata. Darian Grubb, bingwa wa 2011 na Tony Stewart: uhandisi, Virginia Tech. Adam Stevens, 2015 na 2019 na Kyle Busch: uhandisi, Ohio University. Cole Pearn, 2017 na Martin Truex Jr.: uhandisi, Waterloo, Kanada. Todd Gordon, 2018 na Joey Logano: uhandisi, Clemson. Kati ya mataji matano ya 2015 hadi 2019, manne yalikwenda kwa wahandisi. La tano, la 2016, lilikuwa la Knaus na spana yake.

Ngazi za upande huu ni fupi zaidi, ila zinaanza kwa kuchelewa. Ukiwa chuoni unajiunga na kikosi cha wanafunzi wanaojenga gari dogo la mashindano la Formula SAE. Timu nyingi zinapoajiri huuliza habari za gari hilo kabla ya kuuliza alama za mtihani. Ukimaliza unaingia timu kama mhandisi wa ofisini: unaendesha modeli za kompyuta, unapima upepo unavyopita juu ya bodi, unachora. Kisha unakuwa mhandisi wa mbio, unayesafiri na gari na kukaa karibu na mkuu, kompyuta mbele yako, ukihesabu mafuta na uchakavu wa matairi. Kutoka kiti hicho hadi kiti cha mkuu ni hatua moja. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: mhandisi wa mbio tayari yumo kwenye mazungumzo ya kuamua. Msimamizi wa gari, wakati huo huo, anashughulika na gari.

Kasoro? Mhandisi anaweza kumaliza miaka minne ya chuo na mitatu ya ofisi bila kuwahi kumsikiliza binadamu aliyekasirika akiwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Kompyuta inasema gari liko sawa. Dereva anasema gari linataka kumuua. Mhandisi mbaya anamweleza dereva kwa nini amekosea. Wapo wengi wa aina hiyo, na huwasikii kwa sababu hawakupewa kiti, au walipewa wakanyang'anywa.

Februari 2006, njia zote mbili ndani ya wiki moja

Daytona, mwanzo wa msimu wa 2006. Maofisa walilikagua gari la Johnson baada ya kutafuta nafasi ya kuanzia wakakuta kioo cha nyuma kimechezewa kinyume cha kanuni. Knaus akafukuzwa uwanjani na baadaye kufungiwa. Timu ikamkabidhi kikosi Grubb, mhandisi, ambaye hakuwa ameongoza gari la Cup. Akashinda Daytona 500. Alishikilia kiti kwa mbio nne na kushinda mbili, ya pili ikiwa Las Vegas. Kisha Knaus akarudi, na mwisho wa mwaka wakachukua ubingwa.

Kisa hiki watu husimulia kila mmoja kwa faida ya upande wake. Wa kikokotoo husema: mnaona, mhandisi alikaa na gari halikuyumba. Wa spana husema: aliliendesha gari la Knaus, kwa watu waliofundishwa na Knaus. Mimi naona wote wana haki, na ndiyo maana kisa kinafaa. Kikosi kizuri ni kile ambacho mmoja akitolewa ghafla, mwingine wa malezi tofauti kabisa anaweza kukalia kiti na mambo yakaenda.

Gari la 2022 na mzani

Ningeandikiwa swali la mpwa wangu mwaka 2010, ningejibu kwa kusitasita. Leo sisiti sana, na sababu ni gari lenyewe.

Hadi 2021 timu zilijenga magari yao zenyewe kwa sehemu kubwa. Chasisi ilichomelewa karakanani, mabati yakapigwa kwa mikono, na fundi hodari aliweza kumpa mkuu wake faida ambayo wengine hawakuwa nayo. Mwaka 2022 likaja gari jipya. Vipuri vingi sasa vinatoka kwa msambazaji mmoja aliyeteuliwa, sawa kwa timu zote. Nati tano za kila gurudumu zimekuwa nati moja kubwa ya katikati. Ekseli ngumu ya nyuma imetupwa, kila gurudumu linacheza peke yake. Timu zinanunua, zinafunga, zinapima.

Na kuchezea kipuri sasa ni hatari tupu. Mwaka 2023, baada ya ukaguzi huko Phoenix, wakuu wote wanne wa Hendrick walifungiwa mbio nne na kutozwa faini ya dola 100,000 kila mmoja, kwa sababu ya matundu ya hewa ya boneti yaliyobadilishwa. Rufaa iliwarudishia pointi. Faini na kule kufungiwa vilibaki. Zamani ujanja wa namna hiyo ulimjengea mtu jina la ufundi. Wazee bado wanamsimulia Smokey Yunick na gereji yake ya Daytona Beach kama sisi tunavyomsimulia Abunuwasi.

Pamoja na hayo, tangu 2018 NASCAR inazipa timu zote takwimu za magari yote: usukani ulikatwa wapi, mafuta yalikanyagwa kiasi gani, breki ziliguswa lini. Siri ya dereva wako, mpinzani anaisoma usiku huo huo. Mazoezi uwanjani nayo yamefupishwa, kwa hiyo gari linatengenezwa zaidi kwenye kompyuta na kwenye mashine za kuigiza uendeshaji kuliko barabarani. Kila kimoja cha hivi kinaongeza uzito upande wa kikokotoo.

Je, spana imekufa? Hapana. Dereva akigonga ukuta mzunguko wa 40, hakuna modeli itakayokuambia kama ule mkono unaoshikilia gurudumu utastahimili hadi mwisho. Mtu mwenye miaka ya gereji anautazama mara moja, anautikisa, anajua. Mafundi wa Safari Rally wanaowahi kuunganisha gari kule Naivasha kabla muda haujawaishia wanaelewa ninachosema. Lakini ujuzi huo sasa unaajiriwa kama msaidizi wa uamuzi. Zamani ndio ulioamua.

Njia mbili za pembeni

Ipo ya usukani. Evernham, mkuu wa mataji matatu ya Jeff Gordon (1995, 1997 na 1998), alikuwa dereva New Jersey mpaka ajali ya 1991 ilipomtoa. Paul Wolfe aliendesha daraja la pili kabla ya kuwa mkuu, na ana mataji matatu: 2012 na Brad Keselowski, 2022 na 2024 na Logano. Rodney Childers, bingwa wa 2014 na Kevin Harvick, naye alianzia kwenye usukani. Watu hawa wana zawadi ambayo chuo hakitoi: dereva anaposema mkia unateleza, wao wanausikia kwenye makalio yao. Lakini kuufikia udereva wa kiwango hicho kunahitaji fedha za familia au mdhamini, na hakuna anayeichagua njia hii kwa kukusudia. Watu huiingia wakitaka kuwa mabingwa, wakatoka wakuu.

Ya pili ni ya wale wanaoruka ukuta. Siku hizi timu zinawatafuta wanamichezo wa vyuo, wenye nguvu na wepesi. Brehanna Daniels, aliyecheza mpira wa kikapu Norfolk State, aliingia kupitia mpango wa kukuza vipaji vya makundi yaliyoachwa nyuma, na mwaka 2018 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kubadilisha matairi kwenye mbio za Cup. Ni ajira nzuri. Ila si ngazi ya kwenda kwenye kiti. Mwili ukichoka, wengi hutafuta kitu kingine.

Kwa aliye Arusha au Mombasa

Mpwa wangu ana karatasi za Marekani. Wewe pengine huna, na hapo ulinganisho unageuka kabisa. Mwanafunzi wa chuo kikuu huingia kwa viza ya F-1, na akihitimu anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwenye fani yake kwa miezi 12. Kwa fani kama uhandisi anaweza kuongeza 24 juu yake. Miaka mitatu inatosha kuingia timu na kuonekana. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi huingia kwa M-1: haruhusiwi kuajiriwa wakati wa masomo, na akimaliza hupata mwezi mmoja wa mafunzo ya kazi kwa kila miezi minne aliyosoma, usiozidi sita kwa jumla. Hakuna mtu anayepanda kutoka fagio hadi redio kwa miezi sita. Viza ya kazi ya H-1B nayo kwa kawaida inadai shahada. Kanuni hizi hubadilika, zithibitishe ubalozini kabla hujauza shamba la mtu. Lakini kwa aliye nje, njia ya spana haina mlango wa mbele, hata kama mikono yako ni ya dhahabu.

Bei ambayo njia zote mbili hulipisha

Hili sikulificha, ingawa mama yake angependa nilifiche. Mwaka 2011, Grubb aliambiwa wiki kadhaa kabla ya msimu kwisha kwamba hatabaki na gari la Stewart. Wakaendelea kushinda, mbio tano kati ya kumi za mwisho. Walilingana pointi na Carl Edwards, wakachukua ubingwa kwa wingi wa ushindi, na mkuu wa kikosi bingwa akaondoka. Timu ya Pearn, Furniture Row ya Denver, ilichukua kombe mwaka 2017 na ikafungwa mwisho wa 2018. Stewart-Haas, yenye magari manne, ilifunga milango mwisho wa 2024.

Na wapo walioondoka wenyewe. Kirk Shelmerdine alikuwa na mataji manne na Dale Earnhardt alipoondoka mwaka 1992, kachoka, bado kijana. Pearn aliacha baada ya msimu wa 2019 ambao gari lake lilishinda mbio saba, akahamia magharibi mwa Kanada na familia yake. Mmoja fundi, mwingine mhandisi, na kilichowashinda ni kimoja: kalenda.

Tofauti iko baada ya hapo. Mhandisi akiachwa, viwanda vya magari na ndege vitampokea kwa shahada ile ile. Fundi wa mbio akiachwa, anatafuta timu nyingine, na karibu timu zote ziko ndani ya eneo moja la Charlotte: Concord, Huntersville, Mooresville. Soko zuri, ila ni dogo, na kila mtu anakujua, kwa uzuri na kwa ubaya.

Nani ashike ipi

Kama una miaka 18, hesabu hazikutishi na kuna mtu au mkopo wa kulipa ada, shika chuo kikuu. Sisemi hivi kwa sababu mama amesema. Mlango wa juu uko upande huo, na ukibadili mawazo una pa kwenda.

Kama una miaka 25, umeshashika spana miaka saba na darasa la hesabu linakupa homa, usijilazimishe. Nenda kwenye ufundi, lenga usimamizi wa gari, na uuone kama kituo chako hasa. Kiti kikija juu yake, ni nyongeza. Ila jifunze kusoma grafu za takwimu. Fundi anayezielewa ni adimu, na adimu ana bei.

Kama hujui bado unapenda gari au unapenda ushindani, anza na chuo cha ufundi. Mwaka mmoja utakujibu kwa gharama ndogo kuliko miaka minne.

Na njia yoyote utakayoshika, tafuta mbio ndogo za mtaani. Hapa ndipo nilipokuwa mkali na mpwa wangu. Pale pale uwanjani Charlotte, jioni za kiangazi, kuna mbio za Legends, vigari vidogo vyenye injini za pikipiki ya Yamaha, kwenye mzunguko mfupi wa robo maili. Kule Hickory kuna uwanja unaotumika tangu 1951. Timu za huko ni baba, binti na jirani mmoja, na daima wanapungukiwa mtu wa kushika tochi. Hapo ndipo utasikia dereva akikuambia gari halikati kona, utabadilisha upepo wa tairi moja, na baada ya mizunguko kumi utajua kama ulimwelewa. Mhandisi anayekosa hili atabaki ofisini. Fundi anayekosa hili atabaki na nati zake.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za injini ndogo. Amejiandikisha chuo kikuu, masomo yanaanza Agosti. Duka la matairi hajaliacha. Na kuna familia moja ya Legends imemruhusu kusimama nao Jumanne jioni, bila malipo, kazi yake kupima upepo wa matairi na kuuandika.

"Jana nilikosea kuandika, mjomba," alisema. "La kushoto nikaliandika la kulia. Dereva ana miaka kumi na mbili, na amenisema mbele ya watu wote."